Ukurasa wa Ugoro

Juzi nikiwa dukani huko Gatitu, mwenye duka alifungua kopo la ugoro, na harufu yake ikanirudisha jikoni kwetu, asubuhi ile askari wawili walipomshika baba mkono.

"Amefanya nini?" mama akauliza.

"Atajua huko kwa stesheni."

Mama alichukua kijitabu cha katiba tulichopewa bure kwa chifu. Alipekua kurasa. Ukurasa aliotaka ulikuwa umechanwa. Sote tukamgeukia nyanya, maana ni yeye aliyezoea kuchana kurasa zake afungie ugoro.

Nyanya alifungua fundo la leso yake, akamwaga ugoro kiganjani, akampa mama karatasi. Mama akaisoma polepole: anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa.

"Basi mwambieni," akasema. "Hata Kikuyu tunasikia."

Askari wakatazamana. Yule mkubwa akauachilia mkono wa baba.

"Tutarudi," akasema.

Mama aliitia ile karatasi katika mfuko wa shati la baba. Nyanya alikaa mlangoni hadi jioni, ameufumbata ugoro wake ngumini, wala hakuomba karatasi nyingine.