Mafuta ya Papa kwenye Mapezi ya Elkana

Pezi moja la mpira, la kuvaa mguuni, liliibuka juu ya maji ya Mtongwe, likaelea. Mguu haukuwamo.

Jamaludin aliliona akiwa mashuani.

Ukanda wa kisigino wa pezi hilo ulikuwa umekatika, na alijua ni nani aliyeuharibu.

Turudi nyuma wiki mbili.

Ni mwaka 1962. Jamaludin wa Bofu, Likoni, babu yangu mzaa mama, alikuwa mpiga mbizi. Mtungi wa hewa mgongoni, brashi ya waya mkononi, akikwangua makome yaliyoganda chini ya meli. Umri miaka arobaini na sita. Magoti, sabini.

Mwenzake alikuwa Elkana, kijana wa bara, kutoka kule Ziwa, mapaja kama nguzo za nyumba.

Msimamizi wao, Mzungu waliyemwita Bwana Filimbi, akaja na masanduku mawili.

"Mwezi kesho mimi nataka mtu moja tu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. "Na mapezi namna moja tu. Nyinyi jaribu wiki mbili. Halafu shindana."

Jamaludin akapewa mafupi, ya kuvaa kama kiatu. Elkana akapewa marefu, magumu, ya ukanda nyuma.

"Haya yangu kama ndara za msikitini," Jamaludin alisema jioni ya kwanza. "Hayachubui, goti halilalamiki. Lakini mkondo ukija, wallahi, ni kupiga kasia kwa kijiko."

"Yangu yanasukuma kama injini, mzee. Ila paja linawaka moto, na huu ukanda unanila kisigino."

"Tubadilishane basi."

"Na kazi nikupe pia?"

Wakacheka, kicheko cha watu waliochoka.

Sasa, kwao Jamaludin, chombo cha kuingia baharini hupakwa mafuta ya papa. Baba yake alipaka mbao, na babu yake kabla yake. Habari za mpira hakuna aliyewafundisha.

Kila jioni, akipanga vifaa bandani, akayapaka mapezi yake. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa choyo, akapaka na ya Elkana. Kisigino cha kijana kilikuwa kidonda. Alitaka ule ukanda ulainike.

Hakumwambia. Aliamini wema ukiutangaza, thawabu zake hupungua.

Ukanda ukalainika. Siku ya kumi na mbili aliubonyeza, ukamnata vidoleni kama ulimbo.

Akajua kuna jambo. Nitamwambia kesho, akajisemea. Leo n'mechoka.

Kesho yake hakusema. Kesho kutwa ikawa ndiyo siku ya mashindano.

Kila mmoja alitakiwa apite chini ya meli, kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, akikata mkondo. Jamaludin alitangulia: dakika tisa, akatoka anahema kama ng'ombe wa machinjioni.

Elkana akazama. Haikufika dakika ya sita, pezi likaibuka.

"Papa! Papa kamla!" akapiga kelele mwenye mashua.

Jamaludin hakungoja. Alirudi majini na mapezi yake ya kiatu, magoti yakilia. Akamkuta Elkana ameng'ang'ania usukani ulio chini ya meli, mguu mmoja mtupu, mpira wa hewa umemtoka mdomoni.

Alimpandisha. Namna gani, yeye mwenyewe hakuweza kueleza.

Bwana Filimbi aliokota lile pezi, akaugeuza ukanda uliokatika.

"Ukanda mbaya. Ya kiatu nashinda. Jamaludin, kazi yako."

Basi! Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu. Nyumbani mkewe Mwanarehema alikuwa na watoto wanne na mimba ya wa tano.

Jamaludin akamtazama Elkana akitapika maji ya chumvi.

"Bwana, ukanda haukuwa mbaya. Mimi niliupaka mafuta. Ya papa. Kila jioni."

"Mafuta? Juu ya mpira?" Mzungu akawa mwekundu. "Wewe nakwenda nyumbani!"

Kazi akapewa Elkana.

Alasiri ile ile Elkana akaja Bofu, anachechemea. Akakaribishwa kiti, asikae.

"Mzee, ile harufu niliisikia tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Nilidhani umeniwekea dawa nizame, kazi ikubakie. Si unajua yanayosemwa juu ya watu wa pwani?"

Miezi ile, pwani ikibishaniwa kama ijitenge, Mwambao na bara yalikuwa maneno ya kugombanisha watu hata kwenye foleni ya feri. Jamaludin aliyajua.

"Uchawi, Elkana? Mimi?"

"Basi kila asubuhi niliusugua ule ukanda kwa mafuta ya taa. Kuutoa uchawi. Leo nimemuuliza fundi wa magurudumu pale feri. Anasema ya papa yanaudhoofisha mpira pole pole. Ya taa ndiyo yanayoumaliza."



"Mbona hukuniuliza?"

"Nawe mzee, mbona hukuniambia?"

Jamaludin akamsogezea kiti tena.

"Kesho naenda kumweleza Bwana ukweli," Elkana akasema.

"Ili atufukuze sote wawili? Nenda kazini, mwanangu. Mmoja wetu na ale."

Jamaludin akaingia ndani kumwambia Mwanarehema kwamba kazi imekwisha.

Ndugu zangu, ukimtendea mtu wema, mwambie. Wema wa kimyakimya, kwa asiyekujua, hunuka kama uchawi. Na wewe ukinusa usichokijua, uliza kwanza kabla hujakitafutia dawa.