Nani Aliharibu Maji Yetu

Mpaka leo, ndoo ikigonga maji ndani ya kisima, mimi hugeuka kuona nani amesimama nyuma yangu. Sauti ile nzito, yenye mwangwi, hunirudisha uani kwetu nikiwa mdogo: mama ameshika kamba ukingoni, na macho yake hayako kwenye maji, yako kwenye nyumba ya jirani.

Tulikaa pembeni mwa Lubumbashi, upande wa Luano, ambako ndege zinazotua zilipita chini mpaka tukazipungia mikono. Baba alichomelea milango ya vyuma katika karakana moja ya komini ya Kenya, mtaa wa mjini kwetu unaoitwa kama ile nchi, na kiwanja chetu alikinunua wakati pale bado ni pori. Tulipofika palikuwa na miti, mashamba ya mahindi na vichuguu virefu kuliko nyumba. Mvua za kwanza zikinyesha, mama alitoka asubuhi na kitambaa mkononi, akarudi nacho kimejaa uyoga. Maji ya kisima yalikuwa baridi, yana ladha ya jiwe.

Kisha mji ukatufuata. Miti iligeuzwa makaa, vichuguu vikageuzwa matofali, na matofali yakawa nyumba za watu tusiowajua. Kila mwenye kiwanja alikikata nusu akauza, na aliyenunua naye akakata. Baba pia aliuza nusu, kwa sababu tulikuwa tumeanza shule, na karo ilidaiwa. Choo chetu kilibaki kwenye ile nusu iliyouzwa, basi akakifukia, akachimba kingine nyuma ya jiko, upande wa kisima. Hakuna aliyeliona kuwa neno.

Aliyenunua alikuwa Mama Kapinga, mjane mwenye asili ya Kasai, mama wa watoto wawili. Alipika uji wa mahindi na karanga alfajiri, akauza kando ya barabara. Walikubaliana na baba kwamba atachota maji kisimani kwetu.

Mama yangu hakuwa mwepesi wa kuamini watu. Alikulia Kilwa ya huku kwetu, si ile ya pwani, kando ya ziwa, ambako, alisema, unajua hata mbwa ni wa nyumba gani. Kwetu sasa mtu alitokea Jumamosi na godoro kichwani, na Jumatatu tayari alikuwa na mlango na kufuli. Utamjuaje? Mama alinusa mkate kabla ya kuununua, na sufuria zake alizilaza kifudifudi hata mchana. Baba alimtania: "Weye, hata kivuli yako utaiuliza inatoka wapi." Mama hakucheka.

Mvua zilipokolea, mdogo wangu Kabulo, aliyekuwa bado anajifunza majina ya vidole vyake, alianza kuharisha. Mimi nikafuata, kisha watoto wa nyumba za jirani. Watoto wa Mama Kapinga hawakuumwa. Walikuwa wakiruka kamba mbele ya mlango wao, wakiimba, na mama aliwatazama kupitia ufa wa ua kana kwamba wanaruka juu ya kifua cha Kabulo.

Lazima niwaambie desturi moja ya kwetu. Anayekupa kinywaji huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Ni heshima ya kila nyumba, na hakuna anayeihesabu kuwa shaka. Jumapili moja baada ya misa, wanawake wakiwa wamejaa kisimani, mama aliigeuza heshima ile kuwa hukumu.

"Mama Kapinga," alisema, "batoto ya hii avenue yote banaharisha. Ya kwako, hapana. Juu ya nini?"

"Umuulize Mungu, Mama Ngoie. Mi nitajua namna gani?"

"Ni weye unachota maji wa kwanza. Giza iko bado, uko peke yako."

"Uji itajipika yenyewe?"

Wengine walicheka. Mmoja akapaza sauti: "Basi anywe! Kama iko maji muzuri, anywe tuone!"

Mama akajaza kopo, akamnyooshea. Mama Kapinga hakulipokea mara moja.

"Nikikupa uji mu nyumba yangu, ni mi naonja," alisema. "Kisima iko ya kwako. Onja weye."

Mama alibaki amenyoosha mkono. Nilimtazama, nikingoja aonje, kwa maana yule mwanamke alikuwa amesema haki. Hakuonja. Mwishowe Mama Kapinga alilichukua kopo, akanywa mpaka mwisho, akaligeuza juu chini ili kila mtu aone, akanipa mimi nilishike.

Hakuumwa siku ile wala zilizofuata. Nilidhani maneno yamekwisha. Lakini wanawake walisema: "Munaona? Eko na dawa yake." Na kama angeumwa wangesema sumu yake imemrudia. Nilikuwa mdogo, ila nililiona hilo: hapakuwa na namna yoyote ya kunywa ambayo ingemwokoa.

Watu waliacha kununua uji wake. Sisi watoto tulikatazwa kukanyaga uani kwake. Asubuhi moja tulikuta mavi yamepakwa mlangoni, na hakuna aliyeuliza ni nani. Kabla mvua hazijaisha aliuza nyumba kwa haraka, akahamia komini ya Kenya na watoto wake. Usiku ule mama alilala vizuri.

Mvua za mwaka uliofuata, Kabulo aliugua tena. Safari hii alirudi kutoka hospitali amefungwa katika kitenge mpaka usoni, juu ya mapaja ya baba, ndani ya teksi. Mama alisema Mama Kapinga aliacha kitu amekizika. Wajomba wakachimba kando ya ua wote, wakapata kizibo cha soda na mkono wa mwanasesere. Mama aliuchoma ule mkono. Ulinuka vibaya, na wote tulirudi nyuma, tukiogopa moshi wa kichezeo cha mtoto.

Nilipokuwa mtu mzima nilinunua kiwanja changu kidogo, mbali zaidi, ambako mji ulikuwa bado haujafika. Mtu niliyemleta kuchimba choo aliuliza kwanza kisima kiko wapi. Mvua zikijaa, alisema, ardhi inalewa, na kilicho shimoni hutembea mpaka kisimani. Nikakaa chini kwenye udongo. Nilikiona akilini choo chetu cha nyuma ya jiko, na vyoo vya nusu zote zile za viwanja. Niliona pia sufuria ya Mama Kapinga ikichemka tangu alfajiri, na watoto wake wakinywa maji yaliyopita motoni.

Mama sikumwambia. Nilikwenda kwake nikiwa na maneno tayari, nikamkuta amekaa na picha ya Kabulo, nikaomba chumvi nikarudi.

Mwaka huu tumemzika mama. Siku ya tatu ya kilio Mama Kapinga aliingia, nywele nyeupe, akaketi mkekani. Shangazi zangu walisogea, wakaacha nafasi kumzunguka. Nilikwenda kukaa ndani ya nafasi ile.

"Miaka yote nilisema ni papa yako," aliniambia kwa sauti ya chini, akimaanisha baba. "Nilisema alitia kitu mu maji, bantu banifukuze, auzishe kiwanja mara ya pili."

Sikuwahi kufikiri kwamba naye alitushuku sisi. Nilimweleza habari ya maji na mashimo. Alisikiliza, mkono shavuni.

"Choo," alisema.

"Njo vile, mama."

"Choo ya nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotupata utotoni mwangu. Mji ulitujia haraka, ukatubana, ukaharibu maji chini ya miguu yetu, na sisi tulijua kutafuta jina la mtu tu. Ningeweza kumjibu kwamba ni vya wote, na nisingedanganya. Lakini Kabulo alikuwa ndugu yangu, na lile shimo nalijua lilipokuwa.

"Ya kwetu," nikasema. "Ile papa alichimba nyuma ya jiko, wakati alikuuzishia kiwanja."

Aligeuza uso kule wanaume walikoketi. Baba alikuwa kati yao, kofia magotini, akipokea pole za watu. Mama Kapinga alimtazama muda mrefu.

"Anajua?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Basi, umuache," alisema.