Koti la Mrusi

Boel alikuwa mwoga, na hakuona haya. Wanawake wenzake wa Blekinge, pwani ya kaskazini yenye theluji, walimcheka kwamba mbwa wa jirani akikohoa, yeye hufunga mlango. Walicheka kwa sababu wao hawakuzika watoto wawili katika baridi ya mwaka mmoja. Aliyebaki ni Karna, msichana wa miaka sita, na roho yote ya Boel ilikuwa kwa mtoto huyo.

Mumewe, Tufve, alikuwa baharia wa kivita. Kijiji kilimpa nyumba ndogo na kipande cha shamba ili akiitwa aende, na kiangazi kile aliitwa kwenda kupigana na Warusi. Mizinga ilimkosa. Kilichokuja baada ya mizinga ndicho kilichomnyima Boel usingizi. Meli moja ya adui ilitekwa ikaletwa bandarini, na ndani yake mlikuwa na makoti ya manyoya ya kondoo, mazito, ya kupendeza. Baridi ilipoingia, wanamaji walikuwa wakitetemeka, wakagawana. Haikupita muda wakaanza kuanguka. Homa ilimpiga mtu, ikamwachia, akaomba uji na kusema amepona, kisha ikamrudia kwa nguvu. Wengi walikwenda nayo.

Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Madaktari wa jeshi walisema ni hewa chafu. Mchungaji alisema ni dhambi. Wanawake walisema ni makoti yale, kwamba pumzi ya Warusi waliokufa imenasa kwenye manyoya. Chawa waliojaa manyoya yale hakuna aliyewataja. Chawa walikuwa wa kila mtu, wa mchungaji na wa mkulima, na kujikuna hakukuwa ugonjwa.

Habari zilipofika kwamba mabaharia wataachiwa warudi makwao, Boel hakungoja. Alimfunga Karna shali mbili, akampeleka kwa mama yake, Bengta, aliyekaa peke yake juu msituni ambako hapiti mtu.

"Akija mtu wa kutoka bandarini, msimfungulie," alimwambia mtoto.

"Hata baba?"

"Hata baba. Mpaka nije mwenyewe."

Bengta alikuwa akisokota kitani pembeni, akaguna tu.

Tangu hapo Boel akawa mtu wa dirishani. Maziwa yalimwagikia jikoni, mkate ukaungua, yeye macho njiani. Hatimaye akaiona mikono mirefu ya Tufve ikining'inia, akatoka nje na uma wa nyasi.

"Simama hapo hapo, baba Karna!"

Tufve akasimama kwenye theluji, akaangua kicheko. "Mke wangu, mimi si Mrusi! Hata salamu hakuna?"

"Unaumwa?"

"Naumwa njaa."

Boel akamwangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Amekonda, ndevu zimemjaa, lakini macho yake hayakuwa mekundu. Na alivaa kijikoti chake kile kile cha sufu, chenye kiraka alichoshona Boel mwenyewe. Manyoya hayakuwepo. Akautupa uma, akamkumbatia mumewe mbele ya kuku wote, kisha akamketisha na kumpakulia uji wa shayiri na samaki wa chumvi.

Tufve alikula kama aliyefungua kwaresima. Bakuli la pili lilipofika nusu, akatabasamu. "Na Karna alivyorefuka, jamani!"

Boel akaganda na mwiko mkononi. "Umemwona wapi?"

"Si kwa mama yako? Barabara kuu imezibwa na theluji, nikapita msituni, nimelala pale jana. Mtoto anatetemeka hata meno yanagongana. Nikamfunika koti langu. Koti la manyoya, mke wangu, hata mke wa mchungaji hana!"

Hakumaliza. Boel alikuwa ameshatoka, kichwa wazi, bila hata shali.

Alimkuta Karna mbele ya moto, kazama ndani ya koti, pua tu ndiyo inaonekana. Boel alimvua kwa nguvu, akaliburuta koti mpaka uani, akalikokea moto. Moshi wa manyoya ukanuka kila mahali. Karna alilia, na Bengta akatoka mbio.

"Umerukwa na akili? Koti zima kama hilo!"

"Niliwaambia msifungue, mama!"

"Nimfungie mlango mkwe wangu kwenye theluji ile? Wewe ndiye wa kufanya hivyo, si mimi."

Boel alimpakata mtoto, akamshika paji la uso, akamnusa shingo, akamwambia atoe ulimi. Hakuwa na joto. Akamshika tena paji.

"Mama, kunaniwasha," Karna akasema.

Boel akamshika mabega. "Wapi? Kichwa kinauma? Unasikia baridi?"

"Hapana. Kunawasha tu. Hapa."

Boel akamsogeza kwenye mwanga wa moto, akageuza ukosi wa shati. Kwenye mshono walikuwa wamejipanga, wanene, wameshiba.

Akashusha pumzi ndefu.

"Chawa tu, mama," akamwambia Bengta, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze akacheka. Akawaua wawili watatu kwa kucha, akamfunga mtoto vifungo vya shati lile lile, akamkumbatia kifuani akiwa na amani kabisa.