Msumari wa Tatu

Mwanamume wa miaka sitini na mbili akianza ghafla kupenda usafi, usishangilie. Muulize anaficha nini. Mimi wangu sikumuuliza. Nilishangilia, tena nikawaringia wanawake wa kikundi chetu hapa Mweiga, ati njooni mwone, Baba Sophie amekuwa mtu.

Jina lake ni Wamae, fundi wa stima. Mimi ni mkewe, Warigia. Kwa miaka thelathini na nne bisibisi zake zilikaa kwenye ndoo iliyokatika mkono, ndani ya gereji tuliyoijengea gari ambalo mpaka leo halijafika. Akitaka bisibisi moja alimwaga ndoo nzima chini, akatafuta huku akitukana kwa Kikuyu, akaipata, akaenda zake, akaniachia mimi kuokota. Nilikanyaga moja nikiwa na mimba ya Sophie. Tulinuniana wiki mbili.

Sasa mwaka jana, mvua kubwa ilipokwisha, akang'oa ubao wa kitanda cha zamani, akaugongomelea ukutani, akaanza kupiga misumari. Hakutumia futi. Alipima kwa vidole: vidole vinne, msumari, vidole vinne, msumari. Safu ya juu bisibisi za nyota, safu ya chini za bapa, kubwa kushoto, ndogo kulia. Msumari wa tatu wa safu ya chini, ukihesabu kutoka mlangoni, akautengea testa. Testa ni ile bisibisi nyembamba yenye taa ndogo ndani ya mpini. Ukiigusisha kwenye waya wenye moto, taa inawaka nyekundu. Ikiwaka, fundi anaondoa mkono. Isipowaka, anafanya kazi yake.

Na kwenye msumari wa mwisho kabisa, kule kwenye kona, akatundika testa nyingine. Zilikuwa pacha hizo mbili, ila ya kona taa yake ilipasuka ikawa nyeusi kitambo. Aliinunua alipotoka chuo cha ufundi Nyeri, kabla hata hajanioa.

"Hii ilikufa," aliniambia, "lakini siwezi kutupa. Imenilisha."

"Basi izike."

"Wee, wacha mdomo. Kila kitu hapa iko na mahali yake. Usiguse, Mama Sophie. Hata vumbi, usipanguse."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilikuwa nimefurahi kuiona sakafu ya gereji kwa mara ya kwanza.

Kisha mambo mengine yakaanza, moja moja. Kanisani, zamu yake ya kusoma neno ilipofika, akasema amesahau miwani. Jumapili iliyofuata tena amesahau. Jioni moja nikiwa jikoni nikamsikia akisema uani, "Habari ya jioni, mama," kwa heshima kabisa, halafu akangoja ajibiwe. Nikachungulia. Alikuwa akisalimia koti langu la mvua lililoanikwa kwenye kamba. Nikacheka mpaka nikaketi. Yeye pia alicheka, lakini alichelewa kucheka.

Halafu nikasikia kwamba kila nyumba anayokwenda kufanya kazi huwauliza wenyewe, "Hebu niambie, hii waya unaona ni rangi gani?" Watu walidhani anawatania. Watoto walimpenda kwa mchezo huo. Mimi nilipousikia, sikucheka. Usiku ule niliketi kitandani nikaunganisha mambo yote: ubao, misumari, vidole vinne, usiguse. Ule haukuwa usafi. Mwanga bado aliuona, ila sura za vitu zilikuwa zimemtoroka, na ukuta ule wa bisibisi ndio uliokuwa macho yake mapya.

Nilimwambia twende Nyeri, hospitalini, wamwangalie.

"Macho yangu iko sawa kushinda yako."

"Mficha maradhi, Baba Sophie..."

"Kifo kitamuumbua. Najua. Nani atamwita fundi kipofu? Niambie. Nani?"

Jibu nililijua. Lakini niliogopa, na nasema wazi, niliogopa mpaka usingizi ukanihama. Stima haina msamaha. Fundi mwenzake tulimzika Endarasha, jeneza limefungwa, mama yake hakuruhusiwa kumwona. Kila Wamae alipotoka na mkoba wake, nilianza kuhesabu saa mpaka arudi.

Ndipo nikapata akili yangu hii ninayoilaani leo. Nikasema nitampima, nimshike na ushahidi, akose pa kukimbilia. Nitabadilisha testa mbili, nzima niitundike kona, iliyokufa niitundike msumari wa tatu. Mtu mwenye macho ataona ile taa nyeusi mara moja. Akiiona atanigombeza, nami nitafurahi kugombezwa. Asipoiona, nitamshika mkono palepale mlangoni, na Nyeri tutakwenda, apende asipende.

Ilikuwa Jumanne, baada ya kukamua. Yeye alikuwa akinywa chai. Nikaingia gerejini, nikabadilisha. Kazi ya kufumba na kufumbua. Nikasimama kando ya mlango kumngoja.

Honi ya gari la maziwa ikalia barabarani.

Gari lile halingoji mtu, na maziwa ya jana yangu yalikuwa yamekataliwa. Nikasema ni dakika mbili tu. Nikakimbia na mkebe. Kule kwenye foleni wakaanza habari ya mtoto wa fulani aliyerudi kutoka Doldol na mbuzi kumi ambao hakuna aliyejua amewatoa wapi, nami, mdomo wangu huu, nikabaki kusikiliza mpaka mwisho. Sikuwa nimesahau, kwa kweli. Nilijiambia tu kwamba Wamae ni mtu wa vikombe viwili.

Niliporudi, kikombe kilikuwa kimoja, tena kimejaa nusu. Koti halikuwepo. Mkoba haukuwepo. Nikaingia gerejini. Msumari wa tatu ulikuwa mtupu.

Nikapiga simu yake. Ikalia chumbani, juu ya kitanda.

Nilijua alikokwenda. Kihara, mwenye poshomili kando ya soko, alikuwa amempigia tangu jana kwamba mashine yake ya kusaga unga inakata moto. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja kabla sijafika langoni. Nikakimbia na gambuti zangu za zizini, kitambaa cha kichwa kikaanguka, sikukiokota. Mashine ya Kihara huisikia kutoka kwetu siku nzima. Asubuhi ile nilitega sikio njia yote, nikiomba ingurume. Haikunguruma. Mashine ikinyamaza, maana yake fundi amefungua sanduku.

Nje ya poshomili wanawake walikuwa wameketi juu ya magunia ya mahindi wakingoja. Wakaanza kunisalimia. Nikawaruka.

Ndani, Kihara alikuwa amesimama mikono mfukoni. Alikuwa amehamia mahali pale mwezi uliopita tu, na ukutani kulikuwa na swichi kubwa mbili. Alikuwa ameshusha moja, akamwambia fundi, "Nimezima, mzee." Kumbe alizima ya duka la jirani.

Wamae alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku la stima. Alikuwa ameingiza testa, ameikinga kwa kiganja ili aione ikiwaka. Haikuwaka. Ingewakaje? Akaitoa, akaitia mfukoni kwa utaratibu wake ule, akanyoosha vidole vitupu.

"Usishike! Baba Sophie, usishike! Kihara, mvute! Haoni! Huyu mtu haoni!"

Kihara alimnyakua kwa kola ya koti, wakaanguka wote wawili chini kwenye unga. Kisha Kihara akachukua balbu yenye nyaya mbili aliyokuwa nayo pale, akaigusisha ndani ya sanduku. Ikawaka, ikamulika nyumba yote. Mwanamke mmoja mlangoni akasema, "Ngai wangu."

Lakini hakuna aliyeitazama ile balbu kwa muda. Walikuwa wakimtazama Wamae machoni. Alisimama polepole, akakung'uta unga kwenye mkono ambao haukuwa na unga. Ule mwingine, mweupe mpaka kiwikoni, akauacha hivyo. Hapo kila mtu akajua.

Tulirudi kwa miguu. Nilimshika mkono, naye akakubali kushikwa, jambo ambalo hakuwahi kulikubali mbele za watu. Tukaingia gerejini. Akatoa testa mfukoni, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Iangalie. Taa yake iko vipi?"

"Nyeusi," nikasema. "Imepasuka."

Akapapasa ubao. Mmoja, wa pili, wa tatu. Akaenda mpaka kona, akaigusa ile nzima ikining'inia mahali pasipo pake. Akasimama hapo.

"Mama Sophie, uliingia hapa asubuhi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilimtazama, unga bado umemkauka mkononi, nikaona kwamba akijua ni mimi niliyekaribia kumuua, atanichukia mpaka kaburini. Nikaogopa kuchukiwa.

"La," nikasema. "Hapa nilikatazwa."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniua, aliniamini bila kuuliza mara ya pili.

"Basi ni mimi," akasema. "Macho nilijua yanakwenda. Mkono nilidhani umebaki."

Akachukua ile ndoo, akazitoa bisibisi moja moja, akaziangusha ndani. Nilisimama nje nikizisikia zikilia mpaka ya mwisho.

Nyeri tulikwenda. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitalindwa na dawa ya matone, asubuhi na jioni. Kanisani waliniita mbele nitoe ushuhuda, jinsi Mungu alivyoniamsha nikimbie poshomili siku ile bila kuambiwa na mtu. Niliutoa. Wamama walilia, nami nililia kuliko wote, wakasema ni roho.

Ubao bado uko ukutani na misumari yake. Kila siku najiambia leo nitamwambia, na kila siku naona amepungua kidogo, naogopa zaidi. Zamani alitembea boma hili lote gizani bila kugonga kitu. Sasa hata mlango anangoja nimwonyeshe. Asubuhi ya leo nimempa chai kwenye kikombe cha bati ambacho amekinywea tangu tuoane. Amekishika kwa mikono miwili, amekizungusha, amepapasa ile alama ya kubonyea karibu na kishikio.

"Mama Sophie, hiki ni kikombe changu?"

Nimemwambia ndiyo. Amekipapasa upya, kama mtu asiyeviamini vidole vyake, kisha ameniuliza tena.