Doa Katikati ya Kioo

Kompyuta yangu ilianza kusumbua baada ya mlima kulipuka. Moto haukuifikia, lava ilisimama mbali na kwetu. Lakini tuliambiwa tuhame, nami nikatoka mtaani kwetu Keshero kwa miguu kuelekea Sake pamoja na watu wengi wa mji wa Goma, nikiwa nimeifunika mashini kwa kitenge na kuiacha mezani. Niliporudi, kitenge kilikuwa kimejaa vumbi jeusi, na matetemeko yalikuwa yameisukuma meza hadi ukutani. Niliiwasha, ikawaka. Nikashukuru, nikarudia kazi.

Nilikuwa na sekretariati, kama tunavyoita kwetu: chumba cha mbele cha nyumba, mashini moja, printa moja, na watu wanaokuja kuchapisha barua za kuomba kazi, kadi za ndoa na matangazo ya matanga. Nilikuwa nimesomea mambo ya kompyuta kidogo, kiasi cha kutoogopa kufungua kasha na kushika vilivyomo.

Kisha waasi wakachukua Bunagana. Papa, baba yangu, alikuwa anafanya kazi kule mpakani, akiwajazia wafanyabiashara karatasi za forodha. Alifika kwangu na mfuko mmoja begani, koti lake la kazi bado mwilini, viatu vimechakaa kwa safari. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na mimi ndiye mtoto aliyebaki Goma.

"Nitakaa kidogo tu," aliniambia. "Wakifungua njia, narudia kazi yangu."

Njia haikufunguliwa. Na papa hakuwa mutu wa kukaa bure. Kwa muda alikaa kwenye kiti cha wateja akinitazama, halafu siku moja akasema kadi ya ndoa niliyokuwa naipanga ilikuwa mbaya. Alikuwa na haki. Yeye aliandika kwa mkono mzuri tangu ujana wake kule upande wa Bukavu. Alijua jina likae wapi, na nafasi iachwe wapi ili jina lipumue. Nilimpisha kiti. Tangu siku ile kadi za ndoa zikawa zake. Alijifunza kipanya na rangi na aina za herufi kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu tulipomzika mama. Maharusi walikuja wakimwuliza yeye, si mimi. "Muzee yuko?" wanauliza mlangoni, na mimi naitika kwamba yuko, waingie.

Yeye ndiye aliyeona shida kwanza.

"Mama," aliniita, maana alikuwa akiniita mama, kama baba zetu wanavyowaita binti zao, "kuja uone hii ekra. Kuna doa hapa katikati. Kama mafuta yametonea."

Nilikuja nikakitazama kioo. Doa sikuliona, lakini niliona mistari myembamba, ya kijani na ya waridi, ikitetemeka upande mmoja wa kioo. Kabla sijasema neno, kioo kilizimika, kikawa cheusi, na mashini ikajiwasha upya yenyewe. Kadi ya ndoa ikapotea pamoja na kazi ya asubuhi nzima. Papa alishika kichwa.

Nilianza na yale mepesi. Nikabadilisha waya unaounganisha kioo na mashini. Mistari ikabaki. Nikaazima kioo cha jirani aliyekuwa na duka la simu, nikakiunganisha. Mistari ikaja hata huko.

"Na doa je, papa?"

"Liko. Limekuja pamoja nayo."

Basi nikajua kioo hakina kosa. Kama ugonjwa unahama pamoja na mashini kutoka kioo hiki hadi kile, ugonjwa uko ndani ya mashini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na sikuona sababu ya kufikiri vingine.

Nikafungua kasha. Vumbi la mlima lilikuwa limelala ndani kama unga mweusi, na feni ndogo ya karte ya picha, ile sehemu inayotengeneza kila tunachokiona kwenye kioo, ilikuwa haizunguki tena. Karte yenyewe ilikuwa imechomoka upande mmoja, nadhani kwa matetemeko. Papa alinishikia tochi. Niliichomoa, nikapiga brashi, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha shule, nikairudisha mpaka ikalia tik. Papa alicheka kwa sauti ile. Tulipowasha, mistari ilikuwa imekwisha, na papa akasema hata doa limepungua. Nafikiri alitaka tu nifurahi.

Haikudumu. Vita vilikuwa vimefika Kibumba, karibu na mji, watu walikuwa wakishuka na magodoro kichwani, umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, na mashini ikaanza tena kuzimika kila papa alipofungua picha kubwa. Niliiwasha kwa ile njia ya tahadhari, ambayo mashini inaamka na vitu vichache tu. Hapo haikuzimika hata mara moja, ingawa rangi zilikuwa mbovu. Nikaondoa programu inayoiongoza karte, nikaweka ya zamani zaidi. Tukapata majuma machache ya amani. Kisha ikaanza kuzimika tena.

Katika muda huo kazi ya papa ilibadilika. Jina la bibi harusi lilikaa kando kidogo. Herufi moja ilikosekana katika jina la kanisa, na kadi zote zikawa zimekwisha kuchapwa. Wateja walikasirika, naye akawaeleza kwa upole kwamba mashini imezeeka, tusameheane. Nilimwona akikaa upande-upande kwenye kiti, akikitazama kioo kama mutu anayesikiliza kelele chumba cha pili. Nikamwambia akae sawa, atauumiza mgongo.

"Nikikaa hivi naona muzuri," alijibu.

Mwishowe niliichomoa karte kabisa na kuunganisha kioo moja kwa moja kwenye mwili wa mashini. Siku nzima haikuzimika. Ndipo nikajua karte imekufa. Nikatafuta nyingine, nikaipata kwa kijana mmoja sokoni aliyekuwa akiuza vipande vya mashini za ofisi zilizofungwa. Ilikuwa ya zamani kama yangu, lakini feni yake ilizunguka vizuri. Niliiweka mchana, jua likiwa limejaa chumbani. Rangi zilitokea safi, nyekundu ni nyekundu kweli. Nilifungua picha kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo. Nikafungua nyingine juu yake. Mashini ilisimama imara. Nilipiga makofi.

"Papa, imepona! Kuja uone."

Alikaa. Akatazama kwa muda mrefu.

"Doa lingali," alisema.

"Wapi?"

Akaweka kidole katikati ya kioo. Pale palikuwa na rangi nyeupe tupu. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Nilinyoosha mkono nikakizima kioo. Kikabaki cheusi, kinaonyesha tu nyuso zetu mbili.

"Na sasa, papa?"

Aligeuza kichwa, akautazama ukuta, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Lingali," alisema polepole. "Liko mpaka kwa uso wako."

Munganga wa macho alituambia ni sukari. Papa hakuwahi kujua kwamba ana sukari. Kule mpakani nani angempima? Damu ilikuwa imevuja nyuma ya jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa linafuata. Munganga alisema si yote yamepotea. Kulikuwa na mashini ya mwanga ya kuziba mishipa inayovuja, tupange tarehe, na kwa wakati huo papa anywe dawa na aache chai ya sukari. Tulitoka na tarehe. Njiani papa alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani.

"Miezi yote ile," nilimwambia, "mimi nafungua mashini."

"Mashini nayo ilikuwa mugonjwa," alisema. "Usilie. Watu wanatuangalia."

Kabla ya tarehe ile kufika, mji ulianguka mikononi mwa waasi. Tulilala chini ya meza tukisikia mabomu upande wa uwanja wa ndege. Siku za umeme kukatika, siku za kuteka maji ya ziwa kwa bidoni. Nilipoweza kutoka nilikimbilia hospitalini kwa munganga, nikakuta uani pamejaa majeruhi, na muuguzi mmoja mwenye damu kwenye nguo aliniambia kwa adabu, "Dada, macho si sasa." Dawa ya sukari ilikwisha, na duka la dawa la mtaani lilikuwa limeporwa. Mashini ya mwanga ilipopata umeme tena, munganga alimwangalia papa, kisha akaniita mimi pembeni.

Papa hakuuliza tulizungumza nini. Kwa muda alijaribu kunisaidia kwa maneno: sogeza jina chini, punguza hiyo dhahabu. Wakati ule ndoa zilikuwa chache na matangazo ya matanga mengi, naye aliyajua maneno yote kwa kichwa. Lakini nilipomaliza tangazo, alizoea kulinyooshea mkono, na karatasi iliyochapwa haina chochote cha kugusa. Akaanza kuketi uani nikiwa na wateja. Halafu akasema anataka kwenda Bukavu, kwa shangazi yangu.

"Huko najua nyumba," alisema. "Hata bila macho najua mlango uko wapi."

Boti zilipoanza tena kusafiri nilimpeleka bandarini. Shangazi alikuwa amekuja kumchukua. Alimshika kiwiko, wakapanda taratibu, papa akawasalimia mabaharia kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Sikungoja boti ipotee. Nyumbani nilimkuta mama mmoja amesimama mlangoni na picha ya mwanawe mkononi, akataka iwekwe kwenye tangazo la matanga.

"Muzee yuko?" aliuliza.

Nikamwambia amesafiri, aingie tu.