Kidole Gumba cha Fundi

Mume wangu kila mtu anamwita Fundi, hata mimi niliyemzalia watoto watatu. Kazi yake ni vitako vya bunduki, ile sehemu ya mbao ambayo mwindaji huiegemeza begani na kulazia shavu. Msimu wa uwindaji ukifunguliwa, chumba chetu cha mbele hakina pa kukaa. Bunduki zinaletwa zimelowa mvua, mbao zimevimba, nyingine zimechubuka mpaka unazionea huruma. Kuzikausha motoni ni marufuku, zitapasuka. Fundi huzifuta na kuziacha kivulini siku mbili tatu, kisha hupaka mafuta ya kitani tone kwa tone, akisugua kwa kiganja mpaka mbao ipate joto.

Mwisho hupitisha kidole gumba kwenye shingo ya kitako kutafuta ufa, pale panapobeba nguvu yote ya risasi. Akisema "nzima," mwenye bunduki anaingia porini bila wasiwasi. Maana kitako chenye ufa, ukifyatua risasi nzito, kinaweza kukupasukia usoni, au kikakuacha mikono mitupu mbele ya nyati aliyejeruhiwa. Miaka ishirini na minne kidole hicho hakijakosea.

Mwaka huu sukari ikampata. Miguu ikaanza kufa ganzi. Nikamwambia aende hospitali, akasema ataenda msimu ukiisha. Mbishi mwanamume yule, we acha tu! Wiki iliyopita nilimkuta jikoni ameshika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, anapiga soga, na harufu ya ngozi kuungua nikaisikia mimi kabla yake. Nikapiga kelele. Akacheka: "Mikono ya fundi hii, mama. Imekomaa." Nikanyamaza. Nasema wazi, hapo nilikosea, na nilinyamaza kwa sababu niliogopa.

Jumamosi asubuhi mdogo wangu akaja kuchukua bunduki yake. Yeye huongoza wawindaji, na gari la kumpeleka porini lilikuwa linamsubiri nje. Fundi akapitisha kidole.

"Nzima, shemeji. Ukirudi bila nyama, hapa usipite."

"Wewe unataka nyama tu, shemeji, hata hujali mimi nikiliwa!"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nafuta meza. Kile kitako nilikuwa nimekifuta mwenyewe muda mfupi nyuma, kikabaki kikavu. Sasa naona mstari mwembamba wa mafuta umejitokeza tena pale shingoni, mfupi kama upana wa ukucha. Aliyenifundisha maana yake ni Fundi mwenyewe: mafuta ukiyafuta yakarudi, yanatoka ndani ya ufa.

Nikisema, namvua nguo mume wangu mbele ya shemeji yake. Nisiposema, huenda nikamzika mdogo wangu.

"Fundi, hebu rudia."

"Nirudie nini? Umeanza lini ufundi, wewe?"

Nikamshika mkono, nikakiweka kidole gumba juu ya ule mstari, nikakikandamiza.

"Hapo je?"

"Hapo pana nini?"

Nikakigeuza kidole. Kilikuwa na mafuta, na kwenye ncha yake lengelenge la ile sufuria lilikuwa limepasuka bila yeye kujua. Akainama, akakitazama kitako kwa macho, karibu kabisa. Kisha akaketi.

Mdogo wangu akairudisha bunduki mezani taratibu. "Usijali, shemeji. Nitaazima nyingine kazini," akasema, akatoka.

Machozi yakanitoka. Nikamwambia mume wangu, "Basi, yameisha. Hakuna aliyeumia."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama ukutani, anapotundika bunduki zilizokwisha kutengenezwa. Vigingi saba vilikuwa vitupu.

"Zile saba zilizotoka msimu huu," akauliza, "nani alizifuta?"

"Wewe mwenyewe. Mimi sikuziangalia."

Akatoa simu mfukoni, akaisukuma kwangu juu ya meza.

"Wapigie wewe. Vitufe sivisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya msimu."

Nilitamani kumpiga. Nilitamani kumkumbatia. Sikufanya hata moja, nikachukua simu, nikatafuta namba ya mwindaji wa kwanza. Nikapiga, simu ikaniambia hapatikani. Wote wako porini.