Mvinyo Nilioutema Kwenye Katuni

Kazi yangu ni kuonja mvinyo na kuuandikia gazetini. Baba yangu, mkulima wa kabichi kule Gare, hajawahi kuiita kazi. Akiulizwa mwanawe anafanya nini mjini, hujibu kwamba nalipwa kulewa.

Kwa hiyo watengenezaji wa katuni moja ya vichekesho waliponialika niigize sauti yangu mwenyewe, kipindi kimoja tu, nilikubali upesi. Nilitoa sharti moja: wanionyeshe nikitema. Mwonjaji hamezi. Huuzungusha mvinyo mdomoni, akautema kwenye ndoo, kisha akaandika. Nilitaka mzee aone kwa macho yake kwamba hakuzaa mlevi.

Sharti walilitimiza, wakapitiliza. Walinichora na tumbo kama gunia la viazi, na kila nilichoonja nikakitema: mvinyo, chai, hadi mchuzi wa mama mkwe. Nilipolalamika niliambiwa watu wanataka kucheka. Niliudhika sana, lakini nilijipa moyo kwamba angalau kutema kumeonekana.

Jumapili moja, baada ya misa, tulikiangalia kipindi hicho sebuleni kwa baba. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Baba alikitazama hadi mwisho, akazima televisheni, akanigeukia.

"Boha ninayokupaga ukiondoka, huwa unaimeza?"

Kwetu sisi, mtoto akitaka kusafiri, baba humpa funda moja la boha, pombe ya miwa, kutoka kwenye kibuyu chake. Ukimeza, umepokea baraka. Ukitema, umemkana aliyekuzaa. Nilimwambia naimeza, na kwamba ile ya kwenye katuni ni kazi tu. Akasema kazi ikimkaa mtu mwilini haimwachi.

Nilitamani kupiga ukuta ngumi. Miaka yote kosa langu lilikuwa kumeza, na sasa nimeshitakiwa kwa kutema, tena ushahidi nimeuleta mwenyewe! Nilieleza mpaka koo likakauka. Mama alinionea huruma, akaniletea maji, naye baba akayatazama yakishuka kooni.

Asubuhi yake, begi likiwa begani mwangu, baba alinijia na kibuyu. Nilipiga funda, nikameza kwa nguvu ili asikie. Hakuridhika.

"Fungua mdomo nione."

Nina miaka arobaini na saba na wajukuu wawili. Nilifungua, naye akachungulia mpaka chini ya ulimi.